Kibarua: Neno Moja na Uhakiki wa Riwaya

Ni kawaida kuihakiki Kuli (1979), riwaya ya Adam Shafi Adam, kama hadithi ya tabaka lililozaliwa na ukoloni na kukomaa katika mgomo wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Usomaji huo ni halali, lakini haujakamilika, kwani lugha ya kazi huko Unguja ni kongwe kuliko mgomo wenyewe.

Tulichukue neno kibarua. Asili yake ni barua ndogo, yaani cheti cha kazi ya kutwa. Katika Unguja ya karne ya 19, wafanyabiashara wa kigeni waliwakodi watumwa wabebe mizigo na kusafisha sandarusi; sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Hivyo kibarua alipata ujira kabla ya kupata uhuru. Amri ya 1897 iliufuta utumwa kisheria. Haikuufuta ufukara wa Ng'ambo, wala neno lenyewe.

Neno hilo lilisafiri bara. Huko Longisa, katika nchi ya chai ambayo mashamba yake makubwa yalianza Kericho miaka ya 1920, asiye na ajira ya kudumu bado husema anatafuta kibarua. Cheti kimekuwa mtu, na mtu amekuwa kazi.

Basi, mhakiki anayeanzia kwa Mwingereza humsamehe mwajiri wa awali. Uhakiki wa kitabaka hauna budi kuanzia katika msamiati: humo ndimo mnyonge alimohifadhi historia ambayo daftari la tajiri halikuiandika.