Mkono wa Scaglietti

Litazame Ferrari 250 GT California Spyder kwa ubavuni, turubai likiwa limekunjwa. Jicho huanzia kwenye taa, likapanda juu ya tairi la mbele, likateremka mlangoni, kisha likainuka tena taratibu hadi begani mwa tairi la nyuma. Halikwami popote. Umbo ni la Pinin Farina wa Turin, lakini aliyelitia kwenye bati ni Sergio Scaglietti, katika karakana yake mjini Modena, kati ya 1957 na 1963. Yalitengenezwa magari 100 na ushei tu, hasa kwa wateja wa Marekani.

Scaglietti aliingia kwenye ufundi wa bodi akiwa na miaka 13, baada ya kufiwa na baba. Michoro hakuitegemea sana. Alipima kwa jicho. Sehemu kubwa ya bodi ya California ni chuma, ila milango, boneti na buti kwa kawaida ni alumini, na alumini ina masharti yake. Fundi hulaza bati juu ya mfuko wa mchanga, akaligonga pole pole, huku mchanga ukipokea pigo na bati likibonyea. Akigonga mno mahali pamoja, bati hukakamaa. Asipolipasha moto lilainike, litapasuka. Haharakishwi mtu katika kazi hiyo.

Ndiyo maana boneti ya California moja haikai sawasawa kwenye nyingine. Kila mlango ulichongewa nafasi yake, kama kanzu inavyokatwa kwa kipimo cha mvaaji. Scaglietti aligonga namba ya bodi kwenye vipande vyenyewe, na leo mnunuzi makini hufunua boneti kutafuta namba hiyo kabla hajauliza habari za rangi.

Injini nayo si haba: silinda 12, lita 3, kazi ya Gioacchino Colombo. Mwaka 1959 California moja ilimaliza ya tano katika mbio za saa 24 za Le Mans. Hata hivyo, injini ya ukoo huo ilifungwa katika Ferrari nyingine nyingi, za bei ya chini mno. Kinachowafanya watu wafungue pochi ni bodi.

Mwezi Februari 2015, jijini Paris, iliuzwa California ya chesisi fupi iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon. Ilikutwa ghalani magharibi mwa Ufaransa, imefunikwa magazeti ya zamani, vumbi tele. Haikupakwa rangi wala kunyooshwa, na bado ilinunuliwa kwa zaidi ya euro milioni 16.

Mnunuzi wa namna hiyo namwelewa kabisa. Anayekabidhiwa California aikarabati asisawazishe kulia na kushoto kwa mashine, wala asizibe alama za nyundo kwa pati. Tofauti hizo ndizo kazi ya Scaglietti, na mwenyewe alifariki mwaka 2011.