Mkono wa Fundi Ndani ya Ducati 916

Anayenunua Ducati 916 iliyokwisha kutumika hununua vitu viwili kwa mpigo: pikipiki yenyewe, na kazi ya kila fundi aliyewahi kuifungua. Cha kwanza kinaonekana hata ukiwa mbali. Cha pili sharti ukitafute, na ndicho chenye thamani zaidi.

Uzuri wa umbo hauna ubishi. Mbunifu wake, Massimo Tamburini, alizificha ekzosi chini ya kiti na kulishikilia gurudumu la nyuma kwa mkono wa upande mmoja tu. Pikipiki hiyo iliingia sokoni mwaka 1994, na mwaka huohuo Carl Fogarty akatwaa nayo ubingwa wa dunia wa Superbike.

Kazi kubwa, hata hivyo, imo kwenye vichwa vya silinda. Katika injini nyingi, kemshafti huifungua valvu na springi huirudisha. Injini ikizunguka kwa kasi mno, springi huchelewa. Fabio Taglioni, mhandisi wa Ducati, alichagua njia nyingine tangu miaka ya 1950: roka moja, yaani mkono mdogo unaosukumwa na kemshafti, ifungue valvu, nyingine iifunge. 916 ina valvu 8, basi ina roka 16, na kila roka ina nafasi yake ya kupimwa.

Kuzifikia tu ni kazi. Fundi huvua bodi, tangi na boksi la hewa, kisha vifuniko vya vichwa. Huchomeka fila, kile kibati chembamba cha kupimia, kati ya roka na shimu, kipande cha chuma ambacho unene wake ndio unaoweka nafasi hiyo, na vidole vyake ndivyo vinavyoamua: imepita kwa ulaini unaotakiwa, au imebana? Shimu ya kufungia hushikiliwa na vipete viwili vya nusu duara kwenye shina la valvu. Vikilika kidogo tu, kipimo kimehama. Hapo huitoa shimu, huipima kwa maikromita, huibadilisha au huisugua taratibu, huirudisha, huzungusha injini kwa mkono, hupima upya. Anachokipigania ni sehemu za mia za milimita. Akimaliza, hufunika kila kitu na kazi yake haionekani tena.

Ndiyo maana mnunuzi makini huulizia daftari la sevisi kabla ya kuulizia bei. Nani alipima valvu, lini, na aliandika vipimo gani? Mikanda ya kemshafti ilibadilishwa mwaka gani? Ni ya mpira, na huzeeka hata pikipiki ikiwa imesimama; ukikatika mmoja, pistoni hugonga valvu. Omba pia vifuniko vifunguliwe, utazame kama kromu ya roka imeanza kubanduka. Klachi ikigongagonga usiogope: ni klachi kavu, na huo ndio mlio wake.

Ukiwekewa 916 mbili mbele yako, moja ya kilomita chache isiyo na kumbukumbu yoyote, nyingine iliyotembea sana lakini yenye vipimo vya valvu vilivyoandikwa sevisi baada ya sevisi, chukua ya pili, na usimpunje muuzaji. Sehemu ya bei hiyo ni malipo ya saa ambazo fundi aliinama juu ya injini akikataa kuridhika na kipimo kilichokaribia tu kuwa sahihi.