Ulingo au Kibanda: Kumwotea Kulungu wa Wisconsin

Kulungu wa mkia mweupe hukunusa kabla hajakuona. Basi kabla ya kuulizia bei ya ulingo au ya kibanda cha turubai, jua upepo unavumaje pale utakapoketi. Asubuhi hewa ikipata joto hupanda na harufu yako. Jioni hupoa na kuiteremsha bondeni, mara nyingi alipo mnyama mwenyewe.

Ukitaka ulingo, anza na mti. Mwaloni mzima, ulionyooka, ndio wangu. Jihadhari na miti ya ash iliyouawa na mende wa kijani aitwaye emerald ash borer, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002: mingi ingali wima, lakini hukatika ghafla. Kisha simama juu ya ulingo ungali dukani, uhamishe uzito mguu huu hadi ule, polepole. Ukilia hata kidogo, uache, kwani kwenye msimu wa bunduki wa Novemba, siku 9 za baridi kali, chuma hulia zaidi. Pitisha kidole kwenye mikanda: uzi uliopauka kwa jua umeshachoka, hata kama fundo halijalegea. Mkanda wa usalama wa mwili mzima uufunge tangu mguu unapoacha ardhi. Kungoja ufike juu, mita 5 hivi, ni kuchezea uhai. Bunduki ifuate kwa kamba, ikiwa haina risasi.

Kibanda humfaa mtoto, mzee asiyeweza ngazi, na yeyote asiyetulia. Uzuri wake ni giza. Ndani pawe peusi ti. Madirisha ya nyuma yafungwe, la sivyo umbo lako litachoreka kwenye mwanga. Fungua dirisha taratibu ukitega sikio: zipu inayokwaruza itakunyima kitoweo. Kalia kiti chako hasa, ulenge, uone kama kizingiti kinakuzuia.

Kasoro yake ni ugeni. Kibanda kilichoota usiku mmoja kitamfanya kulungu apige kwato chini, apulize pua na kutimka na wenzake. Kisimamishe wiki kadhaa mapema, ukivike matawi ya papo hapo. Nje tundika kitambaa cha rangi ya chungwa iwakayo, wawindaji wenzako wakuone; kulungu haioni rangi hiyo kama sisi.

Mimi katikati ya mialoni hupanda ulingo. Kando ya shamba la mahindi lililovunwa, pasipo na mti wa maana, huingia kibandani bila kinyongo.