Bunduki Tatu, Mkono Mmoja

Katika mchezo wa shabaha unaochanganya raifo, shotigani na bastola, sehemu inayonivutia kuliko zote ni ile ambayo watazamaji wengi hawaiangalii. Mpigaji amemaliza shabaha za mbali kwa raifo. Mbele yake kuna pipa lililosimama wima. Anatakiwa kuiacha raifo humo ndani, mdomo ukitazama chini na sefti ikiwa imefungwa, kisha achomoe bastola kiunoni na kuendelea mbio. Anayeanza huitupa kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Fundi huanza kuinamisha mtutu angali anatembea. Kidole gumba kimeshafunga sefti kabla hajalifikia pipa, na wakati mkono wa kushoto unaiachia raifo, wa kulia umeshaifikia ala ya bastola. Akiisahau sefti, hata kama hakukosa shabaha moja, msimamizi anamtoa mchezoni na siku yake inaishia hapo.

Kwetu Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kasongo hadi Kabambare na Lusangi, kumsifu mtu kwa ustadi wa bunduki si jambo jepesi. Nyangwe, soko kubwa la kale kwenye ukingo wa Lualaba, haiko mbali na Kasongo. Tarehe 15 Julai 1871 wenye bunduki wa wafanyabiashara Waarabu waliingia sokoni hapo na kuwafyatulia watu waliokuja kuuza samaki na mihogo, wengi wao wanawake. Msafiri Livingstone alikuwapo, akaandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Mtu wa Maniema anayeandika juu ya ufundi wa kulenga akiiruka siku hiyo, msomaji ana haki ya kufunga gazeti. Naiandika pia kwa sababu nyingine: waliofyatua siku ile walijua sana kupakia na kufyatua. Kilichokosekana ndicho ambacho mwalimu mzuri wa shabaha hukifundisha kabla ya kitu kingine chochote, nacho ni mkono unaojua kutofyatua.

Kubadilisha bunduki si jambo geni kwetu. Mfanyabiashara Tippu Tip alipoifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870, wafuasi wake walioitwa Wangwana walibeba silaha za vizazi mbalimbali kwa wakati mmoja: gumegume zinazowashwa kwa jiwe, bunduki za fataki, na chache zilizopakiwa kwa nyuma. Kila moja ilidai mkono wake. Februari 1887, msafiri Stanley alipofunga naye mkataba kule Unguja wa kupata wapagazi 600 kwa safari ya kumwokoa gavana Emin Pasha, suala la baruti na fataki za watu hao lilikuwa sehemu ya makubaliano, na baadaye likawa chanzo cha mzozo. Stanley mwenyewe alisafiri na Remington 510, Winchester 50 na bombomu moja aliyopewa zawadi na Maxim, mtu aliyeibuni. Katika msafara wenye bunduki za aina nyingi namna hiyo, mtu aliyezoea moja akipewa nyingine hakuwa na uhakika hata risasi yake ingeangukia wapi.

Kisha likaja jambo ambalo limeacha alama hadi leo. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia raifo na bunduki za kupakia nyuma zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, huku zile kuukuu za kupakia mdomoni zikiachiwa njia kwa masharti. Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilijiwekea raifo za Albini kwa askari wake, na kwa askari hao kamanda Dhanis aliingia Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili. Raia akabaki na gobori. Ndiyo maana katika vijiji vya Kongo hadi leo utakuta bunduki ya kushindilia iliyotengenezwa na fundi wa hapohapo, ile inayoitwa pupu, mikononi mwa mwindaji.

Mtazame mzee anayeijua akiipakia. Kitako kinakaa ardhini, mtutu umeinama kumkwepa uso na kuwakwepa waliosimama naye. Baruti inapimwa kwa kibuyu kidogo au kopo alilolizoea, kamwe si kwa kukisia. Baada ya baruti huingia kizibo cha nyuzi au majani makavu, na mdeki unashuka mara mbili, tatu, kwa uzito uleule kila siku. Hutia risasi, kizibo cha pili, na mdeki tena. Sasa anautazama ule mdeki: umebaki nje kwa urefu gani? Urefu huo ndio unaomwambia kama mtutu una mzigo mmoja au kama jana aliipakia akasahau. Fataki huwekwa mwisho kabisa, wakati mnyama ameshaonekana. Askari wa Ulaya aliyefunzwa vizuri alifyatua gumegume mara tatu kwa dakika. Mwindaji wetu hana haja ya mara tatu. Anajua ana mlio mmoja, kwa hiyo kazi yake yote iko kabla ya mlio: kuujua upepo, kungoja mbwa wamsukume mnyama kuelekea kwenye nyavu, na kujua kila mwenzake amesimama wapi. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika uwindaji wa nyavu watu wamezunguka pande zote, na mwenye bunduki anayefyatua bila kuhesabu wenzake hataitwa tena.

Kijana hafundishwi haya kwa maneno mengi. Hubeba nyavu kwanza, kisha huwashika mbwa, kisha hubeba bunduki tupu nyuma ya mjomba wake, na kila mdomo wa mtutu unapomgeukia mtu anasikia jina lake likiitwa kwa sauti ambayo haitaki kurudiwa. Atakuja kupewa baruti baadaye. Sheria ya uwindaji ya nchi, ya tarehe 28 Mei 1982, inamtaka awe na kibali, lakini kibali hakijawahi kumfundisha mtu kushika bunduki.

Sasa mchezo wenyewe. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, lilizaliwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Mwaka huohuo Cooper alifungua shule ya kulenga huko Arizona, ambayo leo inajulikana kama Gunsite. Naona maana kubwa katika hilo: shirikisho na shule vilianza katika mwaka mmoja chini ya mtu mmoja. Afrika iliingia mapema, ingawa kwa mlango wa huzuni. Mashindano ya dunia ya mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, ambayo sasa ni Harare, Zimbabwe, na ya mwaka 1979 yakafanyika Afrika Kusini, nchi zote mbili zikiwa chini ya utawala wa wazungu wachache.

Hesabu ya mchezo huu ndiyo iliyonifanya niupende. Shabaha ya karatasi ngumu imegawanywa sehemu tatu, A, C na D. Kwa bastola ya nguvu ndogo, A ni alama 5, C ni 3, D ni 1. Jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Tuseme kuna shabaha 12, kila moja ipigwe mara mbili. Mpigaji wa kwanza anamaliza kwa sekunde 25, akiwa na A 15, C 6 na D 3. Hizo ni alama 96, na ukigawanya unapata 3.84. Wa pili anatumia sekunde 30 nzima lakini zote 24 ziko A: alama 120, gawanya, unapata 4. Aliyechelewa sekunde tano ameshinda. Lakini angetumia sekunde 32 angepata 3.75 na kushindwa. Mchezo unapochanganya bunduki tatu, mara nyingi huhesabiwa muda mtupu, na makosa huongezwa juu yake kama sekunde za adhabu. Kanuni inabadilika, mvutano ni uleule, na mpigaji anauamua upya kwa kila shabaha.

Kila bunduki ina ubishi wake. Kwenye raifo nyingi za mchezo, kilengeo kimekaa juu ya mtutu kwa kadiri ya sentimita 6. Kwa mita 100 hulijui hilo, maana raifo imesharekebishwa. Kwa mita 5 risasi itapiga chini ya pale ulipolenga kwa karibu urefu huohuo, na mgeni atashangaa kwa nini shabaha iliyo puani pake imemponyoka. Fundi hulenga juu kidogo, bila kufikiri. Shotigani nayo hutawanya marisawa kadiri umbali unavyokua, na hula risasi upesi, hivyo hupakiwa katikati ya mbio. Hapo ndipo pa kukaza macho: mkono unashuka mkandani, unatoka na risasi nne kwa mpigo, mbili juu ya mbili. Kidole gumba kinasukuma mbili za kwanza ndani ya bomba, kinateleza nyuma, kinasukuma mbili nyingine. Muda wote mtutu unatazama kingo ya udongo na miguu inaendelea kwenda. Kisha inakuja bastola, nyepesi kuliko zote na ngumu kuliko zote, kwa sababu urefu wake mfupi hausamehe mkono unaotikisika.

Mafunzo ya haya hayaanzi na risasi. Mwalimu anayejua kazi yake humweka mwanafunzi siku nyingi na bunduki tupu, risasi zikiwa chumba kingine. Huweka sarafu juu ya kilengeo cha mbele na kumwambia avute kifyatulio hadi sauti ya chuma isikike na sarafu isianguke. Baadaye, kwenye uwanja wa shabaha, au renji kama wasemavyo askari, humpakilia magazini mwenyewe na kuchanganya humo risasi bandia bila kumwonyesha. Mwanafunzi anafyatua, moja, mbili. Ya tatu haitoki, na mdomo wa bastola unazama chini kwa nguvu mbele ya macho ya wote. Mwili uliuogopa mlio kabla haujalia. Bastola yenyewe imemshuhudia, na mwalimu hana haja ya kueleza. Wakati wote huo yeye amesimama nyuma ya bega la kulia. Haitazami shabaha hata kidogo. Anatazama kidole na mdomo wa mtutu, na akiona kidole kimeingia kwenye kifyatulio mpigaji akiwa mwendoni, sauti yake ni ile niliyoitaja ya mjomba porini.

Mafunzo hayo yanapatikana wapi kwa Mswahili? Afrika Kusini ina mizizi mirefu. Karibu zaidi ni Kenya. Uwanja wa shabaha wa Kirigiti, Kiambu, umewakutanisha wapigaji wa bastola wa nchi kadhaa za Afrika, na wenye leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hufanya mazoezi hapo. Huko bastola ndiyo iliyoshika, na mchezo wa bunduki tatu bado ni wa wachache. Anayetoka upande wetu ajue kwamba safari ni ndefu, gharama ni kubwa, na karatasi huja kabla ya yote.

Je, mchezo huu uletwe Lusangi? Bunduki halisi, sitaki. Kabambare imejaa silaha tayari, na vijana wake wanaombwa wazirudishe chini ya mpango wa kukusanya silaha, P-DDRCS, ulioanzishwa mwaka 2021. Kumwambia kijana aliyetua bunduki jana kwamba leo ni mchezo ni kumchanganya. Lakini IPSC ina tawi lake la bastola za hewa zinazorusha vidonge vya plastiki vya milimita 6, na mwaka 2018 tawi hilo lilifanya mashindano yake ya kwanza ya dunia huko Hong Kong. Kanuni za kidole, za mdomo wa mtutu na za hesabu ni zilezile. Siku amani itakapokaa, hilo lingefaa kuanzia, na wazee wa nyavu wangekuwa walimu wake wa kwanza wa nidhamu, maana walishaijua kabla ya Cooper.

Ukiwa Nairobi, Johannesburg au popote unapotafuta mwalimu, muulize swali moja kabla ya kuuliza bei: nitakaa na bunduki tupu muda gani? Akikupa risasi asubuhi ya kwanza, rudi nyumbani na fedha yako. Akikwambia kwamba ataamua yeye, baada ya kuiona mikono yako, mlipe.