Sayari Zilizobadilishana Majina: Uhakiki Mfupi wa Istilahi za Falaki

Istilahi za sayansi kwa kawaida huhakikiwa kwa vigezo vya kiisimu, kama vile ufupi, uangavu na kukubaliana na sarufi ya Kiswahili. Katika makala haya tunaongeza kigezo cha hesabu. Tutatumia muda ambao sayari huchukua kulizunguka Jua ili kupima majina yanayopatikana katika baadhi ya vitabu vya shule vya Kiswahili.

Mwaka 1687 Newton alionesha kwamba nguvu ya uvutano hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Nguvu hiyo ya Jua ndiyo inayoibakiza sayari katika obiti yake. Tunapoandika mlinganyo, tungamo ya sayari hujifuta pande zote mbili, na tunabaki na kanuni ambayo Kepler aliichapisha mwaka 1619: mraba wa muda wa mzunguko ni sawa na umbali uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu (umbali × umbali × umbali). Hapa muda hupimwa kwa miaka yetu, na umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua huhesabiwa kuwa 1.

Sasa tuchukue jina Zohali. Kwa mapokeo, hii ni sayari ya sita, yenye pete mashuhuri. Umbali wake ni 9.54, hivyo mzunguko wake ni miaka 29.5 hivi. Hata hivyo, vipo vitabu vinavyoiita sayari ya sita Sarateni, na kuipa ya saba jina la Zohali. Umbali wa sayari ya saba ni 19.2, na jibu linakuwa miaka 84. Utaridi ana mkasa mkubwa zaidi. Kwa mapokeo ni sayari ya kwanza, ambayo umbali wake ni 0.387 na mzunguko wake siku 88. Katika vitabu hivyo, Utaridi ni Pluto, yenye umbali wa 39.5 na mzunguko wa miaka 248!

Historia inatoa hukumu. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina yaliyotokana na Kiarabu, na yalitaja sayari tano zinazoonekana kwa macho matupu. Uranusi iligunduliwa mwaka 1781, Neptuni 1846 na Pluto 1930. Ni dhahiri kwamba majina ya kale hayakuundwa kwa ajili yao. Aidha, Sarateni na Kausi, jina walilopewa Neptuni, si sayari kwa asili bali ni buruji: Kaa na Mshale. Zebaki nayo ni jina la madini, na yaelekea ilipatikana kwa kutafsiri neno la Kiingereza lenye maana mbili. Matokeo yake ni kwamba sayari ya kwanza ilinyang'anywa jina lake, likapewa Pluto, ambayo mwaka 2006 iliondolewa katika orodha ya sayari.

Wapo watakaosema kwamba mazoea ndiyo sheria ya lugha. Hoja hiyo ina uzito kuhusu Zebaki, ambalo limekwisha kuenea na halimpotoshi mtu. Haifai kwa Zohali na Utaridi, kwa kuwa jina moja linaelekeza kwenye sayari mbili. Wanafunzi wengi wa Uganda, Rwanda na Burundi hukutana na majina haya kwa mara ya kwanza kitabuni. Akiulizwa muda wa mzunguko wa Zohali, mwanafunzi anaweza kukokotoa bila kosa na bado akanyimwa alama, kwa sababu msahihishaji alisoma kitabu kingine.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, majina matano ya kale yabaki kwa wenyewe, na Uranusi, Neptuni na Pluto yatumike kama yalivyotoholewa. Pili, hadi vitabu vitakapoafikiana, mwalimu anayetunga swali au kutafsiri matini aandike nafasi ya sayari kutoka kwenye Jua kando ya jina lake.