Ukuu wa Uwanja wa Gofu na Mizani ya Kuupimia

Kila mwenye mazoea ya kusoma mashairi amewahi kukutana na tungo iliyotimia kwa kila hesabu. Vina vyake havikupotoka, mizani yake ni kumi na sita kila mshororo, kituo kimekaa mahali pake, na bado msomaji huifunga bila ya kuondoka na kitu. Amewahi pia kukutana na tungo nyengine yenye mguu mmoja uliolegea, ambayo haikumwacha alale. Kuieleza tofauti baina ya mbili hizo ndiyo kazi ya uhakiki, na kazi hiyo haiishii katika fasihi. Popote binadamu anapotengeneza kitu kwa sanaa na kukikabidhi kwa wenzake wakitumie, huzuka suali lile lile: kipi ni kikubwa, na kwa mizani gani? Suali hilo limejadiliwa kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa ukali na kwa mapenzi, mahali ambapo wapenzi wa mashairi hawana mazoea napo, yaani katika uwanja wa gofu.

Uwanja wa gofu unahakikika kwa sababu haufanani na viwanja vya michezo mingine. Kiwanja cha mpira wa miguu kina vipimo vyake, na aliyecheza Unguja hahitaji kujifunza upya akenda Mombasa. Katika gofu, kanuni imeweka upana wa shimo, ambao ni milimita 108, na desturi imeweka idadi ya mashimo, ambayo ni 18. Yaliyobaki, kuanzia urefu wa njia na mipindo yake hadi vilima, mahandaki ya mchanga na namna upepo unavyopokelewa, yameachiwa ardhi na fundi wake. Hiyo ndiyo arudhi ya gofu, na ndani yake mtunzi yu huru kama alivyo huru mshairi ndani ya beti.

Mfano unaofaa kuwekwa mbele ya suali hili ni Old Course wa St Andrews, mji mdogo ulio pwani ya mashariki ya Scotland. Hakuna mtu mmoja awezaye kuitwa mtunzi wake. Ni ardhi ya mchanga iliyobaki baina ya bahari na mashamba, ikachongwa na upepo, ikakatwa nyasi na kondoo, na haki ya wenyeji kuichezea gofu ilikwisha kutambuliwa kwa maandishi mwaka 1552. Mwaka 1764 mashimo 22 ya mzunguko wake yalipunguzwa yakawa 18, na kutoka hapo idadi hiyo ikaja kuwa desturi ya dunia. Mashimo 14 kati ya hayo hukutana mawili mawili katika nyanda saba za pamoja, yaani sehemu za nyasi fupi zinamochimbwa mashimo. Kila namba mbili zinazokutana, kama vile la pili na la 16 au la tatu na la 15, zikijumlishwa hufanya 18. Mpenzi wa vina hatakosa kuburudika na hesabu hiyo, ingawa si yeye peke yake aliyeambiwa kwamba hesabu nzuri haitoshi.

Kwa macho ya mgeni, uwanja huo hauna la kumvutia. Hauna miti ya kuonesha njia, hauna maziwa wala maua, na ardhi yake imejaa vinundu kama shuka lisilonyooshwa. Husimuliwa kwamba mwaka 1946 bingwa wa Marekani, Sam Snead, alipouona kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la treni, alidhani ni uwanja wa zamani uliotelekezwa. Siku chache baadaye aliondoka St Andrews na kombe la Open. Kisa hicho hurudiwa kwa kicheko, lakini ndani yake mna onyo kwa kila mhakiki, kwa maana jicho la Snead lilikuwa jicho la fundi na bado halikuona.

Vipimo vinavyotumika aghalabu ni vitatu: ugumu, uzuri na utunzaji. Ugumu ndio uliotangulia katika orodha za siku hizi. Jarida la Golf Digest lilipoanza mwaka 1966 kuorodhesha viwanja 200 vya Marekani, liliviorodhesha kwa ugumu wao. Baadaye orodha ikajiita ya ukuu, na mizani ikaongezwa hata waamuzi wakawa wanatoa alama kwa kila kipengele kisha zikajumlishwa. Kasoro ya ugumu ni kwamba ni rahisi kuutengeneza. Akipewa fedha, fundi yeyote anaweza kubana njia, kuchimba bwawa mbele ya kila shimo na kuwaumbua wachezaji wote. Ni sawa na mshairi anayeokoteza misamiati iliyokufa ili asifahamike, akadhani kutofahamika ndio kina. Uzuri nao una haki yake, ila uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ama utunzaji, huo ni sifa ya mtunzaji na ya mfuko wake. Nakala iliyochapishwa kwa karatasi ghali haiongezi thamani ya tungo.

Ushahidi mzito zaidi dhidi ya mizani za kuhesabu unatoka kwa aliyeziandika. Alister MacKenzie, tabibu aliyeacha udaktari akawa fundi wa viwanja, alitoa mwaka 1920 kitabu kiitwacho Golf Architecture, na humo akaorodhesha masharti 13 ya uwanja mwema. Sharti la kwanza ni kwamba, panapowezekana, uwanja uwe na mizunguko miwili ya mashimo tisa tisa. Jengine ni kwamba, kadiri iwezekanavyo, mchezaji asipige kwa kubahatisha asipopaona anapoukaribia uwanda wa shimo. Old Course unavunja yote hayo. Unakwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa mto Eden kisha unarudi. Mahandaki yake mengi hayaonekani mpaka mpira umekwisha kutumbukia. Zaidi ya hayo, njia ya shimo la saba inakatana na ya shimo la 11. Pamoja na hayo, MacKenzie aliuhesabu kuwa uwanja bora kuliko vyote, na mwaka 1924 akamaliza kuuchora ramani yenye kila handaki na kila kinundu. Mtu huyu hakujipinga. Alijua kwamba masharti humzuia fundi mdogo asiharibu, lakini hayawezi kueleza kwa nini kazi kubwa ni kubwa.

Kinachoeleza ni namna uwanja unavyomsemesha mchezaji, na shimo la 17, liitwalo Road Hole, linatosha kuwa shahidi. Upande wa kulia wa njia yake pana hoteli na mpaka ambao mpira ukiuvuka huadhibiwa. Uwanda wa shimo ni mwembamba na umelala mshazari. Mbele yake, kushoto, pana handaki lenye kina na kuta za wima. Nyuma yake pana barabara na ukuta wa mawe. Anayethubutu kuukaribia mpaka wa kulia hufunguliwa mlango, kwani pigo lake la pili huuona uwanda kwa urefu wake. Anayekimbilia kushoto, ambako ni kupana na salama, hujikuta handaki limekaa baina yake na kibendera. Na yupo wa tatu, asiyejiamini, anayeweza kuupeleka mpira mbele ya uwanda upande wa kulia, akaridhika na mapigo matano na kuondoka na heshima yake. Usalama wa sasa unalipiwa baadaye, na hatari ya sasa ina malipo yake, lakini hakuna aliyefungiwa njia. Mwaka 1978 Mjapani Tommy Nakajima alikwishafika kwenye uwanda kwa mapigo mawili. Akausukuma mpira kuelekea shimoni, ukafuata mteremko ukaangukia handakini, na alipomaliza alikuwa amehesabu mapigo tisa. Handaki halikumfuata; alilifuata yeye kwa kusoma vibaya mwinamo wa nyasi.

Hapo ndipo ukuu unapoanza kujionesha. Uwanja mdogo humuuliza kila mtu suali moja lenye jibu moja, na asiyelijua hufeli. Uwanja mkubwa huuliza suali lenye majibu mengi yasiyolingana, kisha humwachia kila mmoja achague kwa kadiri ya nguvu zake, akili yake na upepo wa saa ile. Msomaji wa pwani, anayejua kwamba safari ya kusi si safari ya kaskazi hata kama bandari ni zile zile, hatahitaji kuelezwa kwa nini shimo moja linaweza kuwa mashimo mawili katika wiki moja.

Dalili ya pili ya ukuu ni kwamba kazi kubwa humhukumu anayeihukumu. Bobby Jones, wakili wa Georgia aliyecheza maisha yake yote bila ya kulipwa, alifika St Andrews mwaka 1921 akiwa na miaka 19. Katika mzunguko wa tatu wa Open alishindwa kutoka katika handaki la shimo la 11, akakasirika, akajitoa mashindanoni. Uwanja aliuona hauna haki. Alirudi mwaka 1927 akashinda Open hapo hapo, na mwaka 1930 akashinda hapo ubingwa wa Uingereza wa wasiolipwa. Mwaka 1958, akiwa mgonjwa asiyeweza tena kucheza, mji ulimpa heshima ya uraia, naye akasema mbele ya watu kwamba angeweza kunyang'anywa kila kitu maishani isipokuwa aliyoyapata St Andrews, na bado angekuwa ameishi maisha yaliyojaa. Katika miaka hiyo 37 vinundu na mahandaki vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni uwezo wa msomaji.

Yapo ya kusemwa dhidi ya uwanja huu, na mhakiki asiyeyasema atakuwa mpiga zumari tu. Shimo la tisa na la kumi ni tambarare na yana machache ya kufikirisha. Mipira na magongo ya siku hizi yamerefusha mapigo hata mahali pa kuanzia pakasogezwa nyuma, pengine nje ya ardhi ya asili ya uwanja, na mwaka 2022 Cameron Smith alishinda Open hapo kwa mapigo 268, yaani 20 chini ya kiwango. Wapo wanaosema kwamba sifa iliyobaki ni ya umri na wala si ya kazi. Lakini mwaka 2000 Tiger Woods alishinda kwa mapigo 19 chini ya kiwango bila ya mpira wake kuingia hata katika handaki moja kati ya yale 112, na jambo hilo halikupatikana kwa misuli pekee. Alikuwa ameupangia kila shimo njia yake. Hesabu ndogo ya bingwa haiushushi uwanja, maadamu imepatikana kwa kufikiri. Hatari ya kweli ni siku mapigo yatakapokuwa marefu kiasi cha kufikiri kusihitajike, na kosa hilo litakuwa la waliokubali vifaa hivyo, si la uwanja.

Jambo la tatu ni kwamba Old Course ni ardhi ya umma. Siku ya Jumapili kwa kawaida hufungwa kwa gofu, na watu wa mji hutembea juu yake na watoto na mbwa wao. Pine Valley wa New Jersey, ambao mara nyingi umewekwa kileleni mwa orodha za Marekani, ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama wake hadi mwaka 2021. Wapo watakaosema kwamba hilo ni suala la mlango na wala si la nyumba. Katika sanaa ambayo haitimii mpaka itumiwe, mlango ni sehemu ya nyumba. Tungo iliyofungiwa sandukuni yaweza kuwa nzuri, ila ukuu wake haujajaribiwa na vinywa vya watu.

Uamuzi mbaya katika mambo haya una gharama yake. MacKenzie na Jones walipotengeneza Augusta National huko Georgia, uliofunguliwa mwaka 1933, walichukua mawazo ya St Andrews: njia pana, mahandaki machache na chaguo kwa kila mtu. MacKenzie alifariki Januari 1934, kabla ya mashindano ya kwanza kuchezwa hapo. Televisheni ya rangi ilipokuja, dunia iliona maua na kijani kisicho na doa, na hayo ndiyo yaliyoigwa. Viwanja vingi vikanyweshwa maji na kutiwa dawa ili vifanane na picha, wakati nyasi za St Andrews hugeuka rangi ya makuti katika majira ya ukame, mpira ukadunda na kuviringika, na mchezo ukanoga zaidi.

Suala hili limekwisha kufika pwani ya Afrika Mashariki. Uwanja wa Baobab huko Vipingo, Kilifi, uliochukua jina la mibuyu, ulipokea mashindano ya Magical Kenya Ladies Open mwaka 2019, na viwanja vyengine vimejengwa na vitaendelea kujengwa kando ya bahari hii. Kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi huingiwa na maji ya chumvi. Kwa hiyo anayedai kijani cha Georgia juu ya mwamba wa matumbawe anadai zaidi ya uzuri. Mhakiki wa hapa akiitwa kutoa hukumu, aulize kwanza iwapo uwanja umeitikia ardhi na upepo wake, kisha iwapo kijana na mzee, hodari na dhaifu, wanaweza kuupita kila mmoja kwa njia yake, na mwisho iwapo aliyeshindwa leo atataka kurudi kesho.

Old Course huanza mjini, huenda hadi mlango wa mto, na humalizikia mjini mule mule ulikoanzia. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Orodha zitaendelea kuchapishwa kila mwaka na alama zitaendelea kujumlishwa, na hakuna ubaya, kama ambavyo hakuna ubaya kuhesabu mizani ya shairi kabla ya kulisoma. Ila Jones hakurudi St Andrews kwa sababu ya alama. Alirudi kwa sababu alikuwa hajamaliza kuufahamu.