Sauli Ndiye Mtihani

Anayeketi kutazama tamthilia ya wafalme wa Israeli ya kale mara nyingi huja akimtaka Daudi. Anataka kombeo na jiwe, anataka kuliona jitu la Gathi likianguka kifudifudi. Waandishi wanalijua hilo, na Daudi hawasumbui sana: njia yake inapanda, na hata mtoto wa shule ya Jumapili au wa madrasa anajua inakofikia. Kazi nzito iko kwa yule aliyekikalia kiti kabla yake. Nimezifuatilia tamthilia hizi kwa miaka, za gharama kubwa na za gharama ndogo, na nazipima kwa swali lilelile: Sauli wao yukoje? Akiwa mbaya tangu dakika ya kwanza, tamthilia imeshakufa. Akiwa mtu ninayempenda huku namwogopa, nitakesha naye.

Ugumu umo ndani ya kisa chenyewe. Kitabu cha Kwanza cha Samweli hakimleti Sauli kama jeuri. Kinamleta kama kijana aliyetumwa na baba yake, Kishi, kutafuta punda waliopotea. Anaona haya kwenda kwa mwonaji mikono mitupu, mpaka mtumishi wake anapomwambia kwamba anayo robo shekeli ya fedha. Siku ya kupigiwa kura ili awe mfalme, watu wanamtafuta wasimwone. Kumbe kajificha kwenye mizigo. Wanapomtoa na kumsimamisha, anawapita wote kwa urefu kuanzia mabegani kwenda juu. Waislamu wanamjua kwa jina la Taluti, na katika Surat al-Baqara watu wanapolalamika kwamba hana mali wanajibiwa kuwa amezidishiwa elimu na mwili. Vitabu vyote viwili, basi, vinautaja mwili wake. Mwigizaji anakabidhiwa mzigo huo: aanze akiwa mkubwa kuliko kila aliye mbele ya kamera, kisha apungue machoni petu, sehemu baada ya sehemu, na umbo lake ni lilelile.

Kabla ya kuwasifu watu wa kamera, nimsifu aliyekipanga kisa, maana ndiye aliyewaachia vifaa. Tazama mkuki. Sauli haachani nao. Anamrushia Daudi anayempigia kinubi. Daudi anakwepa, mkuki unakita ukutani. Anamrushia hata mwanawe wa kumzaa, Yonathani, kwenye karamu. Anapokaa chini ya mti kule Gibea akiwalaumu watumishi wake kwamba wanamficha mambo, mkuki uko mkononi. Anapolala kambini umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake, na Daudi anaingia usiku, anauchukua pamoja na chombo cha maji, anaondoka bila kumgusa. Na Mwamaleki anayemletea Daudi habari za kifo cha mfalme anadai alimkuta Sauli akiuegemea mkuki wake. Silaha hiyo moja inapita kisa kizima, na kila inapotokea tunajua hofu ya mfalme imefika wapi, ingawa msimulizi hajasimama hata mara moja kutueleza maana ya mkuki huo.

Joho nalo limetumiwa vivyo hivyo. Nabii Samweli anapogeuka kuondoka baada ya Sauli kumwacha hai Agagi, mfalme wa Waamaleki, Sauli anaushika upindo wa joho lake, linararuka, na nabii anauchukua mraruko huo kuwa hukumu ya ufalme. Yonathani anavua joho lake na kumpa Daudi: mrithi wa kiti anampa mchunga kondoo nguo ya urithi wake. Katika pango kule Engedi, Daudi anakata kwa siri upindo wa vazi la Sauli, kisha moyo unamchoma. Na kule Endori, mwanamke mwenye kuongea na mizimu anapoeleza kwamba anaona mzee akipanda kutoka ardhini, kinachomtambulisha Samweli, aliyekwisha kufa, kwa Sauli ni kwamba amejifunika joho. Mbunifu wa maleba akizisoma sura hizo tu, nusu ya kazi yake imeshapangwa.

Usiku ule wa Endori hunirudisha kila mara kwenye ukurasa. Sauli ndiye aliyewafukuza nchini wenye kuongea na mizimu. Sasa anamwendea mmoja wao kwa kujibadilisha, maana Mungu hamjibu tena, wala kwa ndoto wala kwa manabii. Akishasikia kwamba kesho yake atakufa pamoja na wanawe, anaanguka chini kwa urefu wake wote. Mwili ule uliosifiwa siku ya kutawazwa sasa umelala sakafuni. Hajala mchana kutwa na usiku kucha. Yule mwanamke, ambaye kwa amri ya mfalme huyuhuyu hakustahili kuwepo, anamchinja ndama wake aliyenona, anakanda unga, anaoka mikate isiyotiwa chachu, anamlisha. Ndicho chakula cha mwisho tunachomwona mfalme akila. Kisha, baada ya Sauli kufa vitani kwenye mlima Gilboa, Wafilisti wanapoutundika mwili wake kwenye ukuta wa Beth-shani, wanaotembea usiku kucha kuuteremsha ni watu wa Yabesh-Gileadi, mji aliouokoa mwanzoni kabisa mwa ufalme wake. Msimulizi alilifunga fundo hilo zamani, akalifungua kwa sentensi chache.

Kinachobaki kwa runinga ni pengo. Kitabu kinasema roho mbaya ilimsumbua Sauli, kikaendelea na safari. Hakituingizi chumbani kwake alfajiri, wala hakituambii mkewe alilala vipi. Sinema haina nafasi ya kulijaza pengo hilo. *King David* ya mwaka 1985, ya Richard Gere, ilijaribu kubeba maisha yote ya Daudi kwa muda wa saa mbili hivi, na Sauli wa Edward Woodward akatuondokea kabla hatujamzoea. Jonathan Pryce alipata nafasi zaidi kidogo katika *David*, filamu ya runinga ya 1997, akafanya kazi nzuri ya mtu anayetafunwa na wasiwasi. Wabrazili wa kituo cha Record ndio wenye subira kuliko wote. Baada ya *Rei Davi* ya 2012, walirudi mwaka 2022 na *Reis*, wakaanzia mbali, siku za kuhani Eli na Hana mamake Samweli, ili Sauli atakapoingia tuwe tumeijua nchi isiyo na mfalme na kuona kwa nini watu wanamlilia mmoja. Seti zao si za kifahari na machozi ni mengi kuliko ninavyopenda, lakini mpangilio huo ni wa watu wanaojua kazi.

Kazi iliyonishika zaidi haina hata ngamia mmoja. *Kings*, iliyotungwa na Michael Green na kuonyeshwa na NBC ya Marekani mwaka 2009, inakichukua kisa cha Samweli na kukipeleka katika nchi ya kubuni yenye maghorofa, suti na magari meusi, iliyopigwa picha New York. Goliathi ni kifaru cha vita. Daudi ni askari kijana, David Shepherd, anayevuka mstari wa mbele usiku kuokoa mateka asijue kwamba mmoja wao ni mwana wa mfalme. Adui ni Gathi. Na nchi yenyewe inaitwa Gilboa. Hapo nilisimama. Green ameupa ufalme wote jina la mlima ambao Sauli anafia. Kila raia anayetaja nchi yake anataja mahali pa kifo cha mfalme wake, na hakuna mhusika anayejua. Tamthilia hailielezi jambo hilo popote. Anayekijua kitabu atalisikia, asiyekijua hapungukiwi na kitu.

Mfalme huyo, Silas Benjamin, ameigizwa na Ian McShane. McShane ana sauti inayojaza ukumbi bila kupazwa, na Green alimwandikia hotuba zenye mwendo wa jukwaani, ndefu, zenye kupanda na kushuka. Silas anapenda kuwasimulia watu jinsi vipepeo walivyotua kichwani pake wakawa taji, ishara kwamba Mungu amemchagua. Katika sehemu ya kwanza tu, Mchungaji Samuels anamwambia waziwazi kwamba Mungu amemwacha. Kisha Silas anawaona vipepeo wakimzunguka kijana David, wakitua kichwani pake. Hakuna mkuki uliorushwa. Kuna uso wa McShane tu, na ndani yake naona wivu, huzuni, na kitu kinachofanana na heshima, kwa sababu Silas anaamini ishara ile. Ufundi uko hapo. Mfalme asiyeamini angemwona kijana kuwa mpinzani wa kawaida, akamwondoa. Silas anajua kwamba anapigana na Mungu aliyemwinua, na bado anaenda kumnong'oneza mpenzi wake wa siri na kumkumbatia mtoto mgonjwa aliyemficha shamba, kama baba yeyote. Unamchukia saa moja, unamhurumia inayofuata. NBC iliihamisha tamthilia hii kwenye siku ya watazamaji wachache, ikaimaliza baada ya sehemu 13. Silas hakufika kwenye mlima wake.

Ray Winstone, aliyewahi kucheza na McShane katika filamu ya *Sexy Beast*, alipewa Sauli mwaka 2016 katika *Of Kings and Prophets* ya ABC, iliyopigwa picha Afrika Kusini. Winstone alikuwa bondia ujanani, na alimletea Sauli uzito wa mtu ambaye maneno yamemwishia, kimebaki kifua. Ningependa kuona kifua hicho kikivunjika. ABC iliiondoa hewani baada ya sehemu mbili. Damu na chumba cha kulala vilitangulizwa mno, na mtazamaji hakupewa muda wa kumpenda mfalme kabla ya kutakiwa amwogope. Huwezi kuangusha usichokuwa umekiinua.

*House of David* ya Jon Erwin na Jon Gunn, iliyoanza Februari 2025 kwenye Prime Video, imejifunza somo hilo kwa sehemu. Ilipigwa picha Ugiriki, na msimu wa kwanza wa sehemu nane unaishia pale wengi walipotaka kufika, mbele ya Goliathi. Nina malalamiko yangu: majitu, pamoja na onyesho la asili yao lililotengenezwa kwa msaada wa akili mnemba, yanakula dakika ambazo ningempa mfalme. Lakini mfalme yupo, naye ni Ali Suliman. Suliman ni Mpalestina, mzaliwa wa Nazareti, mji ulio kwenye vilima vya kaskazini mwa bonde la Yezreeli. Upande wa pili wa bonde hilohilo unasimama mlima Gilboa. Sijui mwigizaji mwingine aliyekulia karibu hivyo na mahali ambapo mhusika wake anafia.

Suliman anachagua njia iliyo kinyume na ya McShane. Sauli wake anaanza na upendo wa nyumbani, kwa mkewe Ahinoamu na kwa watoto wake, na wazimu unapoingia unaingia katika nyumba hiyo. Malkia, ambaye ni Ayelet Zurer, analazimika kuwaficha wakuu wa makabila kwamba mfalme anasikia yasiyosikika. Uamuzi huo wa waandishi umenipendeza sana. Ugonjwa uliotajwa kwa mistari michache kitabuni umekuwa siri ya familia, na yeyote aliyewahi kuishi na mgonjwa wa namna hiyo anajua jinsi nyumba nzima inavyojifunza kutembea kwa ncha za vidole. Ndipo analetwa mpiga kinubi. Michael Iskander, ambaye ndiye Daudi, ni mzaliwa wa Misri aliyepitia Broadway, na ana sauti ya kuimba kweli. Lakini onyesho la namna hii ni la msikilizaji. Sauli asipobadilika tunapomtazama, wimbo mzuri namna gani hautusaidii. Suliman anaupokea muziki kama mtu anayeondolewa mzigo ambao hakuwa amekiri kwamba anao. Na sisi tunaojua mkuki utakaofuata tunaumia mapema, kwa sababu tumeona ni kiasi gani alimhitaji kijana yule.

Kwangu mimi Silas wa Ian McShane bado ndiye Sauli bora aliyewahi kuonekana kwenye runinga, na Ali Suliman yuko hatua moja nyuma yake. Ukitaka kuwaona, usianze na tamthilia. Soma kwanza Samweli wa Kwanza kuanzia sura ya 9 hadi ya 31, ukiufuatilia mkuki na joho, kisha washa *Kings* tangu sehemu ya kwanza na uzitazame zote 13 kwa mpangilio.